Kupiga spreyi rimu za mtumba mwenyewe, kwa sisi wa huku Malindi

Rangi ya spreyi kwenye rimu inaweza kukaa miaka, au ikaanza kumenyeka kabla mwezi haujaisha, na tofauti yenyewe haiko kwenye bei ya kopo, iko kwenye vile ulivyoosha. Huku kwetu chuma chochote kinalala na chumvi, upepo wa bahari unaileta mpaka Barani, na wale wa kupita Gongoni na Marereni kwenye mashamba ya chumvi ndo kabisa. Ukipaka rangi juu ya chumvi umeifungia ndani, nayo inavuta unyevu, basi rangi itainuka tu hata uwe umenunua ya ghali vipi.

Kabla hujatoa pesa igeuze hiyo rimu uangalie upande wa ndani, ule unaotazama breki, manake huko ndo muuzaji hasafishi. Ukiona ufa hata mwembamba achana nayo, rangi itauficha lakini haitauziba. Na hakikisha inaingia kwenye gari yako, Toyota Probox ni nati 4 zilizopangwa kwenye duara yenye kipenyo cha milimita 100, Toyota Noah ni nati 5 kwenye duara ya milimita 114.3.

Sasa rimu za aloi za huku utazikuta na vistari vyeupe vimetambaa chini ya klia, ile rangi ya juu isiyo na rangi inayong'arisha, vimepinda pinda kama mizizi, vinaanzia pale jiwe lilipogonga au pembeni ya nati. Hiyo ni kutu ya alumini. Kwaruza na ukucha uone, klia inabanduka yenyewe na chini kuna unga mweupe, na ule mstari ukiufuata utakuta umeenda mbali kuliko ulivyodhani. Usisimame pale unapoonekana kuisha, endelea kumenya mpaka ufike kwenye klia iliyoshika kweli kweli, halafu ongeza kidogo. Rimu ya chuma ni rahisi zaidi, brashi ya waya mpaka kutu nyekundu iishe na uone chuma kinang'aa.

Lakini kabla ya msasa ni kuosha, na kuosha kwenyewe ni maji ya moto na sabuni ya unga, brashi ngumu, ndani na nje, mpaka lile vumbi jeusi la breki litoke. Ile dawa ya kung'arisha tairi wanayopaka pale wanapoosha magari ina silikoni, ikibaki hata kidogo rangi ikifika pale inakimbia na kuacha vitobo vya duara, kwa hiyo tairi nalo sugua vizuri. Na suuza ya mwisho tafadhali iwe maji ya mfereji. Visima vingi vya hapa mjini ni maji ya chumvi, unasugua asubuhi nzima halafu unairudishia chumvi ile ile na ndoo. Maji ya mfereji yakikatika nunua mtungi mmoja, rimu nne zinatosha kusuuzwa.

Msasa anza na namba 80 pale palipochubuka na ukingo wa barabara, kisha 240 kulainisha, kisha msasa wa maji namba 400 rimu nzima. Funga macho upitishe kidole pale rangi ya zamani inapokutana na chuma, ukihisi ngazi bado, endelea, manake ngazi unayoihisi na kidole baada ya rangi utaiona na macho. Shimo dogo weka pati ya gari, ikauke, uisugue iwe sawa. Osha tena, anika juani, halafu pangusa na thina kidogo kwenye kitambaa cheupe mpaka kitambaa kitoke cheupe. Kuanzia hapo usiishike na mkono mtupu, jasho nalo lina chumvi na mafuta, vaa glavu.

Kama tairi haitoki huna haja ya kwenda kwa fundi wa pancha, toa upepo wote, tairi italegea kwenye ukingo, chomeka karata au vipande vya kalenda ya zamani kuzunguka rimu yote kimoja kikilalia kingine, na pua ya kujazia upepo ifunge na tepu. Ule uso wa nyuma unaokaa kwenye habu, pale katikati rimu inapofungwa kwenye gari, na vile vikombe nati zinapokaa vizibe visipate rangi kabisa. Watu wanapaka kila mahali wakiona ndo usafi, kumbe rangi nene hapo inafinyika gari ikitembea na nati zinalegea.

Siku ya kupiga spreyi chagua. Masika ya Aprili mpaka Juni iache, hewa imejaa maji na rangi inatoka na ukungu mweupe. Kaskazi kati ya Desemba na Machi ndo msimu wenyewe. Alfajiri kuna umande, alasiri upepo unaamka na mchanga wake, kwa hiyo anza saa tatu umalize kabla ya saa sita, kivulini, mahali pa hewa lakini penye kizuizi cha upepo, mwagia maji sakafu vumbi litulie na usubiri ikauke. Usiiweke rimu juani wakati wa kupaka, ikiwa moto rangi inakauka kabla haijatandazika na inatoka chenga chenga.

Tikisa kopo dakika mbili nzima baada ya kusikia kile kigololi. Kwanza ni praima, yaani rangi ya chini ya kushikia. Aloi iliyobaki alumini tupu inataka echi praima, ile yenye asidi inayouma chuma ishike, ya kawaida haishiki vizuri pale, chuma kinataka praima ya kuzuia kutu. Simama sentimita 20 hadi 25, anza kubonyeza nje ya rimu upite mpaka nje upande wa pili, mkono usisimame njiani. Koti ya kwanza iwe nyepesi mpaka uone bado chini, jamani hapa ndo pupa inapoharibu, mtu anataka ifunike mara moja rangi inachuruzika. Praima koti mbili, rangi tatu, klia mbili au tatu, dakika 10 hadi 15 kati ya koti na koti. Soma kopo muda wa kurudia, rangi nyingine zinasema rudia ndani ya saa moja au usubiri siku nzima, ukiingia katikati ya hapo ya chini inakunjamana. Kwa rimu nne za inchi 14 au 15 tenga makopo mawili ya rangi na mawili ya klia.

Vaa maski ya fundi rangi yenye vichujio, na klia ile ya kuchanganya na hadena, dawa ya kuigandisha, usiipige nyumbani, ina isosayaneti, ni sumu ya mapafu na kitambaa cha mdomoni hakizuii chochote. Jiko liwe mbali, watoto vile vile, na makopo usiyaache kwenye gari juani.

Acha zikauke saa 24 ndo ufunge, na gari isikae juu ya jeki peke yake, weka stendi. Nati anza na mkono, kisha kaza kwa msalaba, moja halafu ya upande wa pili, kidogo kidogo, Toyota ndogo nyingi nguvu ya kukaza ni nyutoni mita 103. Wiki ya kwanza maji matupu, sabuni kali bado. Ukienda Watamu ukarudi, ambayo ni karibu kilomita 50, toa spana uzikaze nati zote tena kabla hujaingia ndani.