Jinsi ya kutafuta masafa ya uhakika ya uwiano, kuanzia data mpaka sentensi ya jibu

Masafa ya uhakika ni namba mbili, ya chini na ya juu, ambazo kati yake tunakadiria uwiano halisi wa watu wote (mfano sehemu ya wanaosema ndiyo) uko, kwa kutumia sampuli tu. Hesabu yenyewe ni fupi, kalkuleta inaimaliza fasta. Kinachowaangusha watu ni ukaguzi wa mwanzo na sentensi ya mwisho, kwahiyo huko ndo tutakaa zaidi.

Hatua ya kwanza ni kukagua. Sampuli iwe imechukuliwa kwa bahati nasibu kweli, maana kama umeuliza washkaji zako tu hakuna fomula ya kukuokoa hapo. Isizidi asilimia 10 ya populesheni yote (kundi zima unalotaka kulijua). Af hesabu waliosema ndiyo na waliosema hapana, kila upande uwe na watu angalau 10 (vitabu vingine vinaridhika na 5, wewe fuata cha kozi yako).

Pili, tafuta uwiano wa sampuli. Tuseme umeuliza watu 400 na 232 wamesema ndiyo, gawa tu: 232/400 = 0.58.

Tatu, kosa sanifu, yaani uwiano wa sampuli huwa unayumba kiasi gani ukibadilisha sampuli. Zidisha 0.58 kwa 0.42 (yaani 1 − 0.58, waliosema hapana), gawa kwa 400, halafu chukua kipeuo cha pili, unapata kama 0.0247. Wengi wanasahau kipeuo af wanashangaa masafa yao yamekuwa membamba kama uzi.

Nne, chagua kiwango cha uhakika. Kila kiwango kina namba ya kuzidishia kosa sanifu: asilimia 90 namba yake ni 1.645, 95 ni 1.96, 99 ni 2.576. Kwa 95 unafanya 1.96 × 0.0247, inakuja 0.048, ndo kiasi cha kosa. Toa na ujumlishe kwenye 0.58: kutoka 0.532 mpaka 0.628.

Sasa sentensi. Andika hivi: "Kwa uhakika wa asilimia 95, uwiano halisi wa populesheni uko kati ya 0.532 na 0.628." Usiandike eti kuna nafasi ya asilimia 95 kwamba uwiano halisi uko humo, coz uwiano halisi ni namba moja isiyohama, ama imo ama haimo, kinachobadilika ni masafa kila ukichukua sampuli mpya, na hiyo 95 inahusu njia yenyewe: ukirudia zoezi mara nyingi sana, karibu 95 katika kila masafa 100 yatainasa ile namba. Pia usiseme asilimia 95 ya watu wako humo, hiyo ndo mbaya kuliko zote.

Sampuli ikiwa ndogo, ongeza ndiyo 2 na hapana 2 za kubuni kisha endelea kama kawaida, inaonekana kama uchawi ila inafanya kazi vizuri tu.

Na kama bado hujakusanya data, unataka kiasi cha kosa kisizidi asilimia 3 (0.03) kwa uhakika wa 95, tumia 0.5 kama uwiano (ndo hali mbaya kuliko zote): 1.96² × 0.25 / 0.03² = 1067.1. Hapo unapandisha, watu 1068, ukishusha kosa linavuka kidogo zile 3.