Gari likimisi, hamisha koili kabla hujanunua

Nafanya kazi gereji hapa Morogoro, na gari ninaloletewa kwa tatizo la kumisi (silinda kukosa kuunguza petroli) kuliko mengine yote ni Toyota IST ya 1.5, ile yenye injini ya 1NZ-FE. Malalamiko yanafanana: ukisimama kwenye foleni injini inatetemeka, ukipanda mlima nguvu hakuna, sailensa inapiga pu-pu bila mpangilio, na taa ya injini imewaka. Mara nyingi mwenye gari huwa ameshaambiwa akanunue koili nne, vile vifaa vinavyoipa plagi umeme wa kutoa cheche. Jambo hilo linaniuma, kwa sababu kuna kipimo kisichogharimu hata shilingi ambacho kingemwambia kama koili ndiyo mbaya au la.

Kwanza taa. Ikiwaka tu bila kupepesa, unaweza kuendesha taratibu mpaka kwa fundi. Ikipepesa, punguza mwendo, tafuta pa kuegesha, zima. Petroli ambayo haikuungua kwenye silinda inaenda kuungulia ndani ya katalisti (kifaa cha kusafisha moshi kwenye bomba la sailensa), na katalisti ikipata moto wa namna hiyo inayeyuka ndani. Bei yake haikaribiani kabisa na bei ya koili.

Kabla sijachomeka mashine ya kusoma kompyuta ya gari, nauliza: injini imeoshwa lini? Mafuta yamejazwa wapi? Wanaoosha magari wakipiga injini kwa mashine ya presha, maji hujaa kwenye mashimo ya plagi na gari linaanza kumisi siku hiyohiyo. Hapo puliza mashimo kwa upepo wa kompresa, kausha koili, rudisha. Nimeona magari mengi yakipona kwa hilo tu.

Sasa mashine. Vile vidude vya bei rahisi vya kuunganisha na simu mara nyingi havisomi gari lililotengenezwa kwa soko la ndani la Japani, hivyo tafuta fundi mwenye mashine inayosoma Toyota. Namba P0301 hadi P0304 inataja silinda iliyokosa kufanya kazi. Ya kwanza ni ile iliyo upande wa mkanda. P0300 maana yake kumisi kunarukaruka, hakujakaa silinda moja.

Hapa ndipo watu wengi wanapotea. Kompyuta haioni cheche wala petroli. Inasoma mzunguko wa krenki (shafti inayozungushwa na pistoni), na kila silinda isipoungua vizuri, krenki inapunguza kasi kidogo. Kwa hiyo P0303 inasema silinda ya tatu haikusukuma, sababu haijui. Anayekuuzia koili kwa kutazama hiyo namba peke yake anabahatisha kwa pesa yako.

Injini ikiwa imepoa, ondoa kava la plastiki la juu. Koili ni nne, kila moja imefungwa kwa bolti ya spana namba 10. Chomoa soketi kwa kubonyeza kile kilimi, usivute waya. Plastiki ya zamani ni kavu na inavunjika. Tuseme namba ni P0303: fungua koili ya silinda ya tatu, iweke ya pili, ya pili iweke ya tatu. Usiguse kitu kingine chochote. Futa namba kwenye mashine, endesha ukipanda kilima kidogo, kisha soma tena. Ikija P0302, ugonjwa umehama na koili: nunua moja. Ikibaki P0303, koili ni nzima, weka pesa mfukoni.

Kisha hamisha plagi kwa njia hiyohiyo. Tumia soketi ya 16 yenye mpira ndani, na wakati wa kurudisha anza kwa mkono, maana kichwa cha injini ni cha aluminiamu na nyuzi zake zinaharibika upesi. Kaza 18 Nm. Uwazi wa ncha za plagi ni milimita 1.1. Isome pia: kahawia hafifu ni nzuri, nyeusi yenye masizi makavu imepata petroli nyingi, yenye ulowevu wa oili inakuonya kuhusu ringi za pistoni au sili za valvu. Angalia kaure nyeupe kwa makini. Ukiona kijistari cheusi kimeshuka ubavuni, cheche ilikuwa inatorokea hapo, na mpira wa koili utakuwa na alama hiyohiyo. Badilisha vyote viwili. Ukibadilisha kimoja, kile cha zamani kitaharibu kipya.

Mwalimu mmoja alileta IST yenye koili nne mpya, na bado ilikuwa inamisi. Nilipochomoa koili ya tatu, mpira wake ulikuwa unachuruzika oili. Gasketi ya tapeti kava (kifuniko cha juu ya kichwa cha injini) ilikuwa imekufa. Tukaweka gasketi mpya, tukasafisha shimo, tukabadilisha plagi, gari likatulia.

Ikiwa namba bado haijahama, sikiliza nozeli, ile inayonyunyiza petroli. Injini ikiwa inaunguruma, weka bisibisi ndefu juu yake na mpini sikioni: inatakiwa ilie tik-tik sawa na wenzake. Kisha zima injini, upime kompreshani (mgandamizo ndani ya silinda) plagi zote zikiwa nje, soketi za nozeli na koili zimechomolewa, pedali ya mafuta imekanyagwa mpaka chini. Injini hii ikiwa na afya inatoa karibu kg/cm² 15. Ikishuka chini ya 11, au silinda zikitofautiana kwa zaidi ya 1, tatizo liko ndani. Mimina oili kidogo kwenye silinda dhaifu upime tena. Ikipanda, ni ringi. Isipopanda, fikiria valvu au gasketi ya kichwa.

P0300 ikija pamoja na P0171, achana na koili kabisa. Injini inapata hewa nyingi kuliko petroli: tafuta mpira wa hewa uliopasuka, safisha sensa ya hewa kwa dawa yake maalumu, pima presha ya pampu ya mafuta.

Ukishamaliza, usikubali gari lako baada ya kuunguruma dakika mbili pale gereji. Futa namba, liendeshe kwenye mlima na kwenye foleni, lilaze, uliwashe asubuhi likiwa baridi, ndipo urudi kusoma mashine.