Kuandaa timu ya mbio za kupokezana Lamu: anza na maji, miguu baadaye

Juzi vijana watatu wa Langoni walinijia barazani na fomu ya mbio: mmoja akimbie, mmoja apige kafi, mmoja aendeshe baiskeli. Walitaka ratiba ya mazoezi. Nikawauliza, "Leo mwezi ngapi?" yaani siku ya ngapi tangu mwezi uandame, maana ndiyo inayopanga maji kujaa na kupwa. Wakachungulia simu, wakanitajia tarehe. Nikajua wataumia kama tulivyoumia sisi. Haya ndiyo niliyowaandikia.

Hatua ya 1: Mtafuteni mpiga kafi kwanza

Watu huanza kumsaka mwenye mbio. Mkimbiaji mzito atawapotezea dakika kumi. Mpiga kafi asiyeyajua maji atawapotezea siku nzima. Kule New Zealand, kwenye mbio za Coast to Coast zilizoanza 1983, kilomita 70 kati ya 243 ni za kayaki mtoni, na huingii mtoni bila cheti kinachoonyesha unaumudu. Sisi, tuliposhiriki, kafi tulimpa binamu yangu aliyekulia Matondoni, miongoni mwa mafundi wa majahazi. Mimi nilipewa baiskeli kwa sababu ndiye niliyekuwa nayo.

Hatua ya 2: Chombo

Kayaki azimeni, msinunue. Shela zipo, na mwenyewe huazima kwa anayemjua, tena akijua itarudi imeoshwa. Mazoezi ya nguvu yafanyeni kwa mtumbwi. Ukitoka kwenye mtumbwi wa mti mzito ukakaa kwenye kayaki, utadhani unateleza juu ya mafuta. Jaketi okozi livaeni. Hilo sina mjadala nalo.

Hatua ya 3: Pangeni kwa mwezi, si kwa wiki

Sisi tulipanga kila Jumamosi saa mbili asubuhi, kama watu wa ofisini. Jumamosi ya kwanza ilikuwa mwezi kumi, maji yanajaa, tukaingia mkono wa bahari wa Takwa, ule mji wa kale uliohamwa kisiwani Manda, kama tunaosukumwa. Tukarudi tunacheka. Jumamosi ya pili ikawa mwezi kumi na saba. Saa ileile, njia ileile. Mdomoni tu mkondo ulitupiga usoni, nasi tukaona ni mazoezi mazuri, tukakaza. Saa tatu na robo kafi ya binamu ikatoka na tope. Tukageuza, lakini nyuma yetu palikuwa pamebaki mchirizi wa upana wa mkeka. Nikashuka nisukume, mguu ukazama hadi pajani, kiatu kikabaki huko na kiko huko mpaka leo. Tulikaa baina ya mikoko, na chupa moja ya maji, hadi saa nane na robo. (Wazee husema watu wa Shela asili yao ni Takwa. Siku ile nilielewa kwa nini walihama.)

Hesabu yenyewe ni hii. Shikeni saa kumi. Mwezi mosi na mwezi kumi na tano, kwenye bamvua, yaani maji makubwa, maji hujaa karibu saa kumi, alfajiri na jioni, na hupwa karibu saa nne. Kila siku inayofuata ongezeni dakika hamsini hivi. Kwa hiyo mwezi tano na mwezi kumi na tisa maji hujaa baada ya saa moja asubuhi: mnatoka kukipambazuka, mnaingia na maji, mnatoka nayo, jua halijawa kali. Hizo ndizo siku za mpiga kafi.

Sasa tahadhari, na msiziruke:

- Maji huchukua kama saa sita kupwa, lakini hayaendi sawasawa. Saa ya kwanza ni kidogo, kisha nusu nzima hutoka katika saa ya tatu na ya nne. Ukiona "bado yamo mengi," ndiyo wakati wa kukimbia.
- Mwezi ukifichwa na mawingu, hesabu ya msikitini huweza kubaki nyuma siku moja. Maji hayangojei tangazo.
- Programu za simu zina jedwali la maji, lakini hakikisheni ni la Lamu, na mkumbuke kwamba 04:00 yao ndiyo saa kumi yetu. Kuna mwenzetu aliisoma saa nne, akaamka maji yamekwisha kwenda zake.
- Wakati wa kusi, mlango wa Shela uacheni. Upepo unaingia kutoka baharini, maji yanatoka, mawimbi yanasimama wima.
- Maji mafu, yale madogo ya baina ya bamvua na bamvua, hayajazi vijito vyema, hata jedwali likisema yamejaa.

Hatua ya 4: Mkimbiaji

Yeye anataka kinyume: maji yaliyokupwa, mchanga mgumu. Mwezi nane hadi kumi, na ishirini na mbili hadi ishirini na nne, maji hupwa kuanzia saa kumi jioni. Hayaendi mbali siku hizo, ila ukanda unatosha. Pwani ya Shela ni kilomita 12 hivi. Aende nusu, arudi. Avae viatu.

Hatua ya 5: Baiskeli

Mjini hapaendesheki, punda ndiye mwenye njia. Vukeni na boti hadi Mokowe, mfuate lami ya kwenda Hindi. Mkirudi, osheni mnyororo kwa maji yasiyo ya chumvi siku hiyohiyo.

Hatua ya 6: Kupokezana

Kwenye mbio nyingi za namna hii hakuna kijiti. Kuna mkanda wa kuhesabu muda unaofungwa kifundoni, na ndio unaohama. Mpiga kafi hushuka miguu imekufa ganzi, vidole vimekunjamana kama vya mtu aliyefua kutwa, hawezi kuufungua. Asiuguse. Yeye asimame tu, ashike bega la mwenzake. Anayepokea ndiye apige goti, aufungue, ajifunge mguu wa kulia, upande wa mnyororo ukiwa kushoto usimkwaze. Hapana, nimekosea: mnyororo uko kulia, kwa hiyo mkanda aufunge kushoto. Hata mimi hujichanganya, ndiyo maana nasema fanyeni mara kumi pale gatini, mkiwa mmelowa, mtu wa tatu akiishika kayaki isichukuliwe.

Asubuhi ya mbio mahamri na mbaazi yangoje. Tende, na dafu lenye chumvi kidogo. Na kiatu cha akiba.