Laini mbili za intaneti ofisini: jinsi ya kuziunganisha zisikuangushe

Kama biashara yako inasimama kila mtandao ukikata, yani risiti hazitoki, oda hazingii, watu wamekaa wanaangaliana, basi kupandisha kifurushi hakutakusaidia kitu. Laini ya Mbps 100 ikikatika ni sifuri, sawasawa na ile ya Mbps 10. Unachotaka ni laini ya pili na ruta inayojua kuzitumia zote mbili.

Ila kwanza tuelewane hapa maana ndo watu wengi wanapopotea: ukiwa na laini mbili za Mbps 50 haimaanishi faili moja litashuka kwa 100. Ruta za kawaida zinagawa kwa mafungu, huyu anayeangalia video apite laini ya kwanza, yule anayepandisha faili apite ya pili, kwa hiyo ofisi ya watu kumi itaona nafuu kubwa kweli, lakini mtu mmoja akidaunlodi faili moja atapata spidi ya laini moja tu. Ukitaka faili moja litumie laini zote kwa pamoja, data inakatwa vipande vidogo, ndo pakiti hizo, vinapita njia mbili halafu lazima kuwe na seva upande wa pili huko ya kuvipanga upya. Speedify wanafanya hivyo kwenye kompyuta au simu, Peplink wana ruta zao za kazi hiyo, na kama unapenda kujichosha kuna OpenMPTCProuter unaweka mwenyewe na seva ya kukodi. Nzuri, ila laini zikipishana sana inasumbua, ukichanganya faiba ya milisekunde 10 na setilaiti ya mbali inayochelewa zaidi ya milisekunde 500 pakiti za haraka zinakaa kuzisubiri za polepole na unaweza kuishia pabaya kuliko ulipoanza. Mi nasema biashara nyingi hazihitaji huko, kugawana mzigo na kupokezana, yani moja ikifa nyingine inashika, kunatosha.

Haya, laini zenyewe. Usichukue mbili zinazopita njia moja. Faiba mbili za kampuni tofauti zinaweza kuwa kwenye mtaro mmoja, greda likipita zote chali. Changanya, faiba na ya simu, au faiba na Starlink. Umeme nao, UPS, ile betri ya akiba, iwe kwenye modemu zote (vile viboksi vinavyopokea laini) na ruta, sio kwenye kompyuta peke yake, utashangaa wangapi wanasahau hili.

Ruta iwe na poti mbili za intaneti. TP-Link ER605 inatosha ofisi ndogo, MikroTik kama una mtu anayeijua, au chukua kompyuta ya zamani yenye poti za kutosha uweke OPNsense au pfSense, programu zinazoigeuza kuwa ruta. Ruta inayotumia mfumo wa OpenWrt nayo inaweza, unaongeza kifurushi cha programu kinachoitwa mwan3.

Kabla ya kuchomeka angalia anwani za modemu zako, mara nyingi zote zinakuja na 192.168.1.1 na ruta inachanganyikiwa haijui ipi ni ipi. Ingia kwenye moja uibadilishe iwe 192.168.2.1, na ya ndani ya ruta nayo iwe tofauti na hizo mbili, mfano 192.168.10.1. Kwenye DNS, yani huduma inayogeuza jina la tovuti kuwa anwani ya namba, weka 1.1.1.1 na 8.8.8.8, usiache zile za kampuni ya laini, kwa sababu nyingine hazijibu mtu anayetokea mtandao mwingine, utahamia laini ya pili vizuri tu halafu hakuna ukurasa unaofunguka.

Sasa sehemu ambayo ilinitia aibu mimi. Nilifunga yote hayo, nikachomoa waya kati ya modemu na ruta, ikahama, nikapiga kifua kwa bosi. Wiki mbili baadaye faiba ikafa kweli na ofisi nzima ikafa nayo. Kumbe modemu ilikuwa inawaka vizuri kabisa, waya upo, na ruta yangu ilikuwa inapingi modemu tu, yani inaiuliza kama ipo, modemu inajibu nipo, basi yenyewe inaendelea kumwaga kila kitu kwenye laini mfu! Kwa hiyo usiiamini cheki ya geitiwei, ndo hiyo ya kuuliza modemu tu, iambie ruta ipingi vitu vya nje, 8.8.8.8 na 1.1.1.1, kila laini ijipime kwa njia yake yenyewe. Mi naweka kila sekunde 5, ikikosa mara 3 mfululizo laini ihesabiwe imekufa. Anwani za kupingi ziwe mbili, sio moja, ili moja ikinyamaza tu usihamishwe bure.

Mgawanyo ufuate ukubwa, faiba ya 60 na nyingine ya 20 weka 3 kwa 1, usiweke nusu kwa nusu. Laini ya bando usiigawie mzigo kabisa, ikae ya kusubiri tu, na ikishika zamu zuia apdeti za kompyuta la sivyo bando halifiki mchana.

Kitu kingine kitakachokuletea malalamiko ni benki. Mtu anaingia akiwa na IP hii, yani anwani yake ya mtandaoni ambayo kila laini ina ya kwake, dakika inayofuata anaonekana na IP nyingine, mfumo unamtoa. Washa ile setingi inayomshikisha mtu laini moja kwa muda, au tovuti za benki zipeleke laini moja tu moja kwa moja. Na simu za intaneti zikiwa hewani laini ikahama zitakatika, ni kawaida, unapiga tena.

Kujaribu: chomoa waya unaoingia kwenye modemu kutoka nje, sio ule wa kwenda kwenye ruta. Hesabu sekunde, fungua tovuti ambayo hujaifungua leo. Halafu rudisha waya na usiondoke bado, ngoja uone kama inarudi yenyewe, maana kuna ruta zinahama freshi lakini kurudi hazitaki, unakuja kugundua siku tatu baadaye meseji ya bando kuisha inapoingia.