Pima damu ya mbwa kabla ya kumdunga dawa ya minyoo ya moyo

Mbwa wengi ninaowapima hapa Kampala ni walinzi. Usiku kucha wako uani, na mbu wa kinamasini, wanaoeneza minyoo ya moyo, wanawanyonya hadi alfajiri. Wanaletwa wakikohoa kikohozi kikavu, wakichoka upesi au tumbo limejaa maji, na wengine wameshadungwa ivermektini, dawa ya minyoo ya ng'ombe. Tafadhali usianzie huko. Damu ikiwa imejaa watoto wa minyoo (mikrofilaria), dozi kubwa ya dawa huwaua kwa mpigo, na mbwa anaweza kuanguka na kufa.

Hatua ya 1. Toa damu jioni, maana ndipo mikrofilaria huwa nyingi zaidi. Mililita 2 kutoka mshipa wa mguu wa mbele zinatosha. Tia kwenye tyubu ya kifuniko cha zambarau, uigeuze polepole bila kuitikisa.

Hatua ya 2. Weka tone kwenye kioo, lifunike, litazame kwa hadubini likiwa bado bichi. Mara nyingi utaona kwanza chembe za damu zikisukumwa huku na huku, ndipo umwone anayezisukuma. Usipoona kitu, usimwambie mwenye mbwa kwamba yuko salama.

Hatua ya 3. Changanya mililita 1 ya damu na mililita 9 za formalini ya asilimia 2. Zungusha kwenye mashine dakika 5, mizunguko 1,500 kwa dakika. Mwaga maji ya juu, tia tone la rangi ya methilini bluu kwenye mashapo, kisha tazama. Hapa usiharakishe. Dirofilaria immitis, mnyoo wa moyo, ana kichwa kilichochongoka na mkia ulionyooka. Dirofilaria repens, anayekaa chini ya ngozi, ni mrefu zaidi na kichwa chake ni butu. Ukikuta mfupi kuliko hao wawili, fikiria Acanthocheilonema reconditum: huyo huletwa na viroboto na hana madhara makubwa.

Hatua ya 4. Ongeza kipimo cha haraka cha antijeni (protini za minyoo kwenye damu), kwa sababu mbwa anaweza kuwa na minyoo mikubwa moyoni bila mikrofilaria kwenye damu. Kipimo hiki hunasa majike waliokomaa, miezi 6 hivi tangu mbu alipouma. Kumpima mtoto wa miezi 4 ni kupoteza pesa.

Hatua ya 5. Akikutwa na mnyoo wa moyo, mfunge kamba fupi kuanzia siku hiyo. Minyoo ikifa huvunjikavunjika na kuziba mishipa ya mapafu, na mbwa anayekimbia ndiye hufa. Daktari wa mifugo ataanza na antibiotiki ya doksisaiklini wiki 4, kisha sindano za melasomini za kuua minyoo mikubwa.

Asipokutwa nayo, mpe kinga kila mwezi: ivermektini mikrogramu 6 kwa kilo. Mbwa wa kilo 20 anahitaji mikrogramu 120. Chupa ya ng'ombe ya asilimia 1 ina 10,000 katika kila mililita, kwa hiyo dozi yake ni mililita 0.012, na hakuna sirinji ya dukani inayopima kiasi hicho. Nunua kidonge cha mbwa kinacholingana na uzito wake, wala usiruke mwezi hata mvua zikikatika.