Fataki za Idd na Mwaka Mpya ufukweni Mtwara: namna ya kuzipiga bila kuitesa bahari

Mwongozo huu ni wa kamati za sherehe, wenye hoteli na wenye harusi wanaotaka fataki kando ya maji, kuanzia Shangani hadi Mikindani, na ndugu zetu wa Lindi pia. Kuandaa sherehe za ufukweni ndiyo kazi yangu. Kila mteja namwambia mapema kwamba nitapiga fataki kutoka nchi kavu, mabaki yaangukie mchangani, na saa ya kupiga itapangwa kwa kuangalia maji. Hilo likishindikana, usafi wa kesho yake hausaidii sana, kwa sababu bahari itakuwa imeshachukua chake.

Hatua ya 1: Chagua mahali

Kama mnafikiria ziwa au bwawa, mfano Ziwa Rutamba kule Lindi, ushauri wangu ni kuacha kabisa. Maji yaliyotuama hayana pa kupeleka uchafu. Huko Ada, jimbo la Oklahoma nchini Marekani, watafiti walipima maji ya ziwa dogo kati ya 2004 na 2006, kabla na baada ya fataki. Walikuwa wakitafuta perkloreti, chumvi inayowekwa kwenye fataki ili baruti ipate oksijeni ya kuwakia. Ndani ya saa 14 kiwango chake kilipanda kati ya mara 24 na mara 1,028 ya kawaida, na kilichukua siku 20 hadi 80 kushuka. Chumvi hiyo ikizidi mwilini huzuia tezi ya shingoni kupata madini joto. Watu wanaochota maji ya kunywa ziwani hawapaswi kulipia sherehe yetu kwa namna hiyo.

Bahari hubadilisha maji mara mbili kwa siku, kwa hiyo ina nafuu. Nafuu hiyo haifiki kwenye vijito vya mikoko, ambako maji huenda polepole na matope hushika kila kitu. Kaeni mbali na mikoko, na mbali na madau yaliyotia nanga, maana huwa na petroli na nyavu kavu. Msimbati nako msiende. Ni ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000, na kasa hutaga kwenye fukwe hizo. Watoto wa kasa hutafuta bahari usiku kwa kufuata mwanga, hivyo mwanga wa nchi kavu huwapoteza njia.

Mahali pazuri ni mchanga mtupu, mkavu, hatua nyingi nyuma ya mstari wa maji kujaa. Wateja hulalamika kwamba watakosa ule mng'ao juu ya maji. Hawaukosi. Fataki ikipasukia angani nyuma ya ufuko, mtu aliyekaa upande wa pili wa ghuba bado anaiona mara mbili.

Hatua ya 2: Vibali

Polisi kwanza, kwa barua, mapema. Kisha zimamoto, ofisi ya serikali ya mtaa, na viongozi wa BMU, yaani kikundi cha wanajamii kinachosimamia uvuvi, wa eneo hilo. Hao wa mwisho ndio watakaokwambia usiku gani wavuvi wanatoka na wapi akina mama wanachokoa pweza.

Hatua ya 3: Soma maji na upepo

Idd el-Fitr huandama na mwezi mchanga, kwa hiyo siku zote huangukia bamvua, siku ambazo maji hujaa na kupwa kuliko kawaida. Katika pwani yetu, siku za bamvua maji hupwa sana takriban saa 4 usiku na kujaa kwenye saa 10 alfajiri. Hii ni bahati kubwa. Ukipiga fataki saa 3 usiku, maji yanaondoka, na kitakachorukia upande wa bahari kitalala mchangani. Una saa kadhaa za kukiokota kabla bahari haijarudi.

Mwaka Mpya haufuati mwezi. Tafuta jedwali la maji bandarini, au muulize mvuvi yeyote mtu mzima. Kama saa 6 usiku maji yamejaa, sogeza kituo ndani zaidi au piga fataki mapema jioni. Watoto watafurahi zaidi.

Upepo wa Desemba hadi Machi ni kaskazi, unatoka baharini kuja nchi kavu. Unayarudisha mabaki mchangani, jambo jema, lakini moshi nao unawajia watazamaji na wagonjwa majumbani. Waketisheni watu ubavuni mwa upepo. Funga kipande cha khanga kwenye mti mrefu saa moja kabla, ukiangalie. Kikinyooka kabisa, ahirisha.

Hatua ya 4: Nunua chache, nunua vizuri

Usinunue roketi. Zinabeba kijiti, mara nyingi na kofia ya plastiki, na hakuna ajuaye zitaangukia wapi. Chukua zile za boksi lenye mirija ya karatasi ngumu, na zile zinazomwaga cheche kutoka chini. Uliza kama zina vifuniko vya plastiki. Zikiwa navyo, ziache dukani.

Rangi nazo zina uzito wake. Kijani hutokana na bariamu, nyekundu na strontiamu, buluu na shaba, na shaba ni sumu kwa viumbe wadogo wa majini. Dhahabu hupatikana kwa makaa na chuma, fedha kwa alumini au titani. Mimi huchagua dhahabu na fedha. Usiku wa giza zinapendeza kuliko zote.

Hatua ya 5: Kupiga

Tandaza mabati ya zamani, weka maboksi juu yake na uyashikilie kwa mifuko ya mchanga. Majivu na udongo wa ndani ya mirija vitabaki kwenye bati. Ndoo za maji ziwe karibu.

Pigeni kwa mkupuo mmoja, dakika chache, kisha basi. Kuanzia Oktoba hadi Aprili fukwe zetu zimejaa vitwitwi na ndege wengine waliotoka Ulaya na Asia. Uholanzi, rada zilionyesha maelfu ya ndege wakiruka ghafla kwa hofu usiku wa manane wa Mwaka Mpya, wakifika hadi mita 500 juu. Ukiwashtua kila nusu saa hawapati usingizi wala chakula.

Hatua ya 6: Kuokota

Subiri dakika 30 baada ya fataki ya mwisho. Watu wazima wenye tochi, viroba na reki watembee kwa mstari mmoja, bega kwa bega, kutoka majini kuelekea juu. Kukipambazuka rudieni, hasa pale maji ya alfajiri yalipoishia. Msichome mabaki, yapelekwe dampo.

Fataki iliyogoma usiiwashe tena. Itumbukize kwenye ndoo ya maji, ilale humo hadi asubuhi. Maji hayo yana chumvi zilezile za Ada, kwa hiyo usiyamwage baharini wala karibu na kisima: funika ndoo, uikabidhi kwa polisi au zimamoto waliokupa kibali. Watoto wasiingie eneo hilo mpaka mzunguko wa asubuhi umekwisha, hata wakiahidiwa soda kwa kila kiroba.