Jinsi ya kuomba mwaka wa au pair Ujerumani ukitokea Tanzania

Kila mwaka kidato cha sita wakishamaliza mitihani, simu yangu inaanza kuita. "Dada, nimesikia ulikaa Ujerumani mwaka mzima kwa familia. Na mimi nitafutie familia." Huwa najibu kwa swali: "Kijerumani umefika wapi?" Kimya.

Wengi wanakosea mpangilio. Wanatafuta familia kwanza, kisha pasipoti, halafu wanakimbizana na lugha wiki mbili kabla ya kwenda ubalozini. Mimi nasema geuza: lugha, karatasi za hapa nyumbani, familia, mkataba, viza. Hata ukinyimwa viza, cheti cha lugha kinabaki chako.

Kwa asiyejua, au pair ni kijana anayekwenda kuishi na familia ya ugenini, anawaangalia watoto na kusaidia kazi nyepesi za nyumbani. Kwa malipo anapata chumba, chakula, pesa ya mfukoni na nafasi ya kusoma lugha. Kwa anayetaka kupumua mwaka mmoja kabla ya chuo, au aliyemaliza chuo na bado anasubiri ajira, ni njia halali ya kuona dunia bila kuwa na milioni za akiba.

Jipime kabla hujatoa hata senti

Lazima uwe umetimiza miaka 18, na siku unayowasilisha maombi ya viza uwe hujafikisha 27. Muda ni kuanzia miezi 6 hadi mwaka 1, na nafasi hii unaipata mara moja tu. Ukikaa miezi 7 ukarudi, huwezi baadaye kuomba ile mitano iliyobaki.

Halafu kuna hili linalowaumiza wengi: huwezi kwenda kwa shangazi yako aliyeolewa Hamburg. Ndugu hawaruhusiwi kuwa familia mwenyeji. Na hata kama si ndugu, familia ambayo Kijerumani si lugha yao ya kuzaliwa ila wanakitumia nyumbani haiwezi kumpokea au pair anayetoka nchi moja na wazazi wale. Lengo la mpango ni ujifunze lugha, na wanajua fika kwamba Watanzania wawili wakikutana jikoni, Kijerumani kitakaa pembeni.

Masharti ya kazi yana mipaka, na uyakariri kama namba yako ya simu. Saa za kazi zisizidi 6 kwa siku wala 30 kwa wiki, na jioni unayobaki na watoto wazazi wakitoka inahesabiwa humo humo. Kila wiki una siku moja na nusu ya kupumzika na angalau jioni 4 zako mwenyewe. Ukikaa mwaka mzima una likizo ya wiki 4. Pesa ya mfukoni ni euro 280 kwa mwezi, na juu yake familia inachangia euro 70 kwa mwezi kwenye kozi ya lugha na kulipia bima yako. Kuosha vyombo vya mlo wa watoto, kukunja nguo zao, kuwapeleka chekechea, hiyo ni kazi yako. Kumuuguza bibi wa nyumba ile au kupiga deki nyumba nzima kila siku si kazi ya au pair.

Kwa hiyo kama nia yako ni kutuma hela nyumbani kila mwezi, nakushauri usiende. Euro 280 inatosha kuishi kijana, kusafiri kidogo na kuweka akiba ndogo. Haijengi nyumba.

Lugha

Kiwango kinachotakiwa ni A1, yaani ngazi ya chini kabisa. Goethe-Institut, taasisi ya Kijerumani inayofundisha lugha yao, ipo Dar es Salaam, Upanga, na hapo unaweza kusoma na kufanya mtihani. Wao wenyewe wanakadiria vipindi 80 hadi 200 vya dakika 45 ili mtu afike A1. Ukiwa mikoani, jifunze kwa intaneti na mwalimu, kisha uje Dar kwa mtihani tu. Mtihani una sehemu nne: kusikiliza, kusoma, kuandika na kuzungumza. Alama ni 100, kufaulu ni 60.

Sehemu ya kuzungumza ndiyo inayotutoa jasho. Unajitambulisha: jina, umri, nchi, unapoishi, lugha unazozungumza, kazi, unachopenda. Kisha mtahini anakuambia utaje herufi za jina lako moja moja, halafu namba ya simu. Hapo kwenye namba ndipo mitego ilipo. Sisi tunasema ishirini na moja, Mjerumani anasema "moja na ishirini". Ukitaja namba zako mbili mbili bila mazoezi, utajikuta umegawa simu ya mtu mwingine. Mimi nilikuwa nasoma namba za daladala nikiwa kituoni Mwenge, kwa sauti ndogo, watu wakinitazama.

Na usiogope sana, kuna maneno unayo tayari. "Shule" tuliichukua kwao, na "hela" ilitokana na sarafu yao ya enzi za ukoloni.

Usiishie kwenye cheti. Mtu wa ubalozini anaweza kukuuliza maswali mepesi kwa Kijerumani papo hapo dirishani, na cheti hakikusaidii kama mdomo umefungwa. Dada mmoja niliyekuwa naye kwenye foleni alikuwa na alama nzuri za A1, lakini aliacha kusoma akakaa miezi mitano bila kutamka neno. Alipoulizwa watoto wa familia wanaitwa nani, akajibu umri wake.

Karatasi za nyumbani

Pasipoti inaombwa kwenye mfumo wa mtandaoni wa Uhamiaji. Gharama ni shilingi 150,000: kwanza unalipia 20,000 ya fomu, halafu 130,000 inayobaki. Andaa kitambulisho au namba ya NIDA, cheti chako cha kuzaliwa, uthibitisho wa uraia wa mzazi, na maelezo ya sababu ya safari. Majina yalingane herufi kwa herufi kwenye kila karatasi. Kama cheti cha kuzaliwa kinasema Mwanaidi na NIDA inasema Mwanahidi, rekebisha sasa, usisubiri dirisha la ubalozi likugundue.

Ukiwa bado hujaanza chuo, hakiki cheti cha kuzaliwa RITA, wakala wa usajili wa vizazi, kabisa kabla ya kuondoka. Dirisha la mkopo wa chuo la HESLB, yaani Bodi ya Mikopo, linalotaka cheti kilichohakikiwa, hufunguliwa katikati ya mwaka, wakati ambao wewe utakuwa unamfuta mtoto wa mtu kamasi huko Bavaria, na hakuna atakayekupangia foleni. Kama tayari umepata chuo, omba kuahirisha kwa barua na usubiri jibu la maandishi. Kutokuripoti tu hakuitwi kuahirisha.

Leseni ya udereva, kama unayo, ibebe. Familia za vijijini zinaipenda, na leseni yetu inatumika kule miezi 6 ya kwanza.

Kupata familia

Njia ni mbili. Unaweza kujitafutia kwenye majukwaa ya mtandaoni ya au pair, au upitie wakala. Wakala wa Ujerumani haruhusiwi kukutoza zaidi ya euro 150. Mimi mwanzoni nilimpa mtu mmoja hapa mjini shilingi laki nane, ofisi ina kiyoyozi na ramani ya dunia ukutani, akaniahidi familia ndani ya mwezi. Nilichopata ni picha ya nyumba iliyotolewa kwenye tangazo la mauzo. Familia yangu ya kweli niliipata mwenyewe, bure, baada ya kuandikia familia zaidi ya thelathini.

Barua ya kujitambulisha andika kwa Kijerumani chako cha kweli, hata kama kinachechemea. Usiandike "ninapenda watoto", kila mtu anaandika hivyo. Andika kwamba umewalea wadogo zako wawili mama alipokuwa sokoni, kwamba unafundisha watoto madrasa au shule ya Jumapili, kwamba unajua kumlaza mtoto wa miaka miwili anayekataa kulala. Tafuta watu wawili waliowahi kukuachia watoto wao wakuandikie neno. Mama wa jirani mwenye kibanda cha chipsi anatosha kabisa, ili mradi aseme kweli na aweke namba ya simu.

Ongeeni kwa video zaidi ya mara moja, na uombe kuwaona watoto. Uliza nani alikuwa au pair kabla yako na kama unaweza kuzungumza naye. Familia inayokwepa swali hilo, achana nayo. Uliza pia kuhusu chumba: kinatakiwa kiwe chako peke yako, chenye dirisha na kinachopashwa joto.

Matapeli wana harufu moja. "Familia" iko London, mshahara ni mkubwa kupita kiasi, na kuna "mwanasheria" anayetaka utume pesa ya viza. Uingereza haina viza ya au pair kwa Mtanzania. Na familia ya kweli haikuombi hela.

Mkataba na viza

Mkiafikiana, familia inajaza mkataba wa au pair na kuusaini. Usome mstari kwa mstari: saa, siku za mapumziko, euro 280, kozi, bima, notisi ya kuvunja mkataba, ambayo kwa kawaida ni siku 14. Nauli ya ndege kwa kawaida ni yako, isipokuwa mmekubaliana vingine, na hilo nalo liandikwe.

Maombi ya viza ya muda mrefu sasa yanaanzia mtandaoni. Tangu Januari 2025 balozi za Ujerumani zimeweka viza za kitaifa kwenye tovuti ya huduma za kibalozi ya Wizara yao ya Mambo ya Nje. Unafungua akaunti, unachagua au pair, unajaza na kupakia nakala: pasipoti, mkataba, cheti cha A1, wasifu wako, barua ya kueleza kwa nini unataka kwenda, uthibitisho wa bima. Wakiona kuna pengo wanakurudishia ujaze. Ikikamilika wanakuita ubalozini, Umoja House, Dar es Salaam. Miadi haiuzwi. Kishoka akikuambia ana nafasi ya wiki ijayo kwa laki mbili, mwache na nafasi yake.

Siku hiyo beba hati zote halisi na nakala, picha za pasipoti za vipimo vyao, na ada ya euro 75 inayolipwa kwa shilingi. Watachukua alama za vidole, kisha maswali. Mimi niliulizwa watoto wana miaka mingapi, mji uko karibu na mji gani mkubwa, na nitafanya nini mwaka ukiisha. Hilo la mwisho lijibu kwa mpango wenye jina: chuo fulani, kozi fulani, au kazi ya ukoo inayokusubiri. "Nitaona huko huko" si jibu.

Kisha ni kusubiri, wiki kadhaa au zaidi. Usinunue tiketi isiyorudishwa pesa. Ukikataliwa, unapewa sababu kwa maandishi. Ile rufaa ya bure ya kuandika barua ubalozini ilifutwa Julai 2025, kwa hiyo umebakiwa na kuomba upya ukiwa umerekebisha kilichokosewa, au kufungua kesi Berlin. Wengi wetu tunaomba upya.

Ukishafika

Ndani ya wiki mbili jiandikishe ofisi ya wakazi ya mji ule, ukiwa na karatasi ya mwenye nyumba inayothibitisha kwamba unaishi hapo. Baada ya hapo ni ofisi ya wageni kwa kibali cha ukaazi, halafu akaunti ya benki. Familia ikikuelemea, una haki ya kuhamia nyingine, ila mwaka wako hauanzi upya na ofisi ya wageni lazima ijulishwe.

Na kusafiri? Kibali chako kinakuruhusu kutembelea nchi nyingine za Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, hadi siku 90 katika kila siku 180. Kuna tiketi ya mwezi ya treni za mikoani na mabasi ya nchi nzima, ilianza Mei 2023 kwa euro 49 na imekuwa ikipanda bei. Haipandi treni za mwendokasi, lakini inakuvusha hadi Salzburg, Austria. Mimi nilikwenda huko Jumamosi moja ya Februari na mkate wa siagi mfukoni, nikarudi usiku miguu imekufa ganzi, nikiwa nimetumia euro 4 za chai.